Sukari ndani ya mshipa: kwa nini Butembo na Beni zianze na tone la kidoleni

Mtu akiambiwa Butembo au Beni kwamba ana ugonjwa wa sukari, mawazo yake hukimbilia kiu, kukojoa usiku kucha na kidonda cha mguu kinachokataa kupona. Akisikia kolesteroli, humfikiria mfanyabiashara mwenye kitambi na sahani ya nyama mbele yake. Yanaonekana kuwa magonjwa mawili ya watu wa aina mbili, na hata hospitalini hupimwa kwa karatasi mbili, moja ya bei nafuu na nyingine ya bei kali. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ndani ya mshipa wa damu mgawanyo huo haupo. Sukari inapokaa juu miaka mingi huibadili kolesteroli yenyewe, pamoja na ile ambayo kipimo kimesema ni ya kawaida, ikaifanya iharibu mishipa ya moyo, ya ubongo na ya miguu. Na kwa kuwa tone la damu ya kidoleni laweza kupimwa sukari hata katika kituo kidogo cha afya, wakati kipimo kamili cha kolesteroli hudai maabara na pesa, elimu hii inatupa njia ya kulinda mishipa ya watu wengi kwa vifaa ambavyo havituzidi uwezo.

Kolesteroli si sumu. Kila seli huitumia kujenga utando wake, na bila hiyo mwili usingeweza kutengeneza homoni kadhaa. Tabu ni kwamba mafuta hayayeyuki katika damu, kwa hiyo husafirishwa katika chembe ndogo zilizozungushiwa protini; zinazohusika zaidi na habari yetu huitwa LDL. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, waligundua kwamba seli ina mlango maalumu wa kuipokea LDL, na kwamba ikishapata ya kuitosha hupunguza milango hiyo. Ugunduzi huo ulijibu swali moja ukazaa jingine. Ikiwa seli hujua kusema basi, zile seli zilizovimba kwa mafuta ambazo madaktari huzikuta ndani ya mishipa iliyoziba zilishibaje kupita kiasi? Mwaka 1979 watafiti haohao walionyesha kwamba makrofaji, yaani seli walinzi zinazomeza takataka za mwili, hazina hamu kubwa na LDL ya kawaida, lakini ikibadilishwa kikemia huimeza kupitia mlango mwingine usiojua kufunga. Daniel Steinberg na wenzake wa California wakatafuta ni badiliko gani linaloweza kutokea ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1989, katika jarida la New England Journal of Medicine, walikusanya ushahidi kwamba badiliko hilo ni kuoksidishwa: oksijeni kali huyashambulia mafuta ya chembe hiyo, na mabaki ya mashambulizi huganda kwenye protini yake hadi seli walinzi ziione kuwa taka.

Hapo ndipo sukari inapoingia. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na protini zinavyoungana zikipata joto. Ndiyo kemia inayolipa andazi rangi ya kahawia kwenye karai. Katika damu joto ni dogo, nyuzi 37 tu, lakini muda ni mrefu, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo inavyonasa kwenye protini nyingi zaidi, bila kuhitaji kimeng'enya chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Samuel Rahbar, huko Tehran, aliona hemoglobini ya ajabu katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Ilikuja kujulikana kuwa ni hemoglobini iliyonaswa na glukosi, na leo tunaipima kwa jina la HbA1c ili kujua sukari ilikuwaje kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Protini ya LDL nayo hunaswa vivyo hivyo. Na kwa kuwa glukosi hunasa karibu na sehemu ambazo mlango wa seli huzitumia kuitambua, ini huchelewa kuiondoa, ikabaki inazunguka damuni kupita muda wake.

Ikizunguka hivyo, inakutana na mazingira ambayo sukari imeyaharibu pia. Glukosi ikiguswa na chembechembe za chuma au shaba huweza kutoa oksijeni kali. Seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mshipa haziwezi kuizuia sukari isiingie inapojaa nje. Huipokea tu, na mitokondria zake, yaani viwanda vidogo vya nishati vya seli, zikalemewa. Michael Brownlee wa New York alipendekeza mwaka 2001, katika jarida la Nature, kwamba kulemewa huko, kunakozalisha oksijeni kali aina ya superoksidi, ndiko chanzo kimoja cha madhara mengi ambayo hapo awali yalielezwa kila moja peke yake. Seli hizo hupungukiwa na oksidi ya nitriki, gesi inayoufanya mshipa ulegee na damu isigande ovyo. Chini ya seli hizo kolajeni, protini inayoushikilia ukuta wa mshipa, ikiisha kunaswa na sukari kwa miaka, hukakamaa na kuinasa LDL inayopenya. Mgonjwa wa kisukari cha ukubwani mara nyingi ana pia LDL ndogo na nzito, inayopenya kwa wepesi na kuoksidishwa upesi. Karatasi ya maabara haioni lolote kati ya haya. Inahesabu uzito wa kolesteroli katika desilita ya damu, haisemi ni chembe ngapi zinazoibeba, zimekaa damuni muda gani, wala zimefanywa nini.

Mlolongo wa kikemia, hata ukipendeza vipi, haujatosha kumshawishi mtu mwenye busara, kwa sababu katika chupa ya maabara mengi hutokea ambayo mwilini hayana uzito. Tuangalie basi watu. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao MRFIT, uliochapishwa mwaka 1993 na Jeremiah Stamler na wenzake, ulifuatilia wanaume zaidi ya 340,000, wakiwemo zaidi ya 5,000 wenye kisukari. Katika kila ngazi ya kolesteroli, ya chini, ya kati na ya juu, wenye kisukari walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa mara nyingi kuliko wenzao wenye kolesteroli ileile. Mwaka 2010 watafiti wa kundi la Emerging Risk Factors Collaboration waliunganisha tafiti 102 zenye watu karibu 700,000, wakakuta kwamba kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo takribani mara mbili, na kiharusi cha mshipa kuziba vilevile; walipozingatia viwango vya mafuta ya damu, tofauti hiyo haikupungua kwa maana. Hii ndiyo nguzo ya hoja yangu. Kama kiasi cha kolesteroli kingekuwa habari yote, watu wawili wenye kiasi kimoja wangekuwa na hatari moja.

Atakayepinga kwa ujuzi ataleta jaribio la ACCORD, na ana haki ya kulileta. Lilihusisha watu 10,251 wa Marekani na Kanada wenye kisukari cha ukubwani, nusu yao wakishushiwa sukari kwa nguvu hadi karibu na ya mtu mzima wa afya. Ikiwa sukari ndiyo inayoharibu mafuta na mishipa, hao wangeishi zaidi. Mwaka 2008 matibabu hayo makali yalisimamishwa kwa sababu walikuwa wamekufa 257 upande wa sukari ya chini dhidi ya 203 upande wa pili. Sioni namna ya kuyapuuza matokeo hayo, wala sitaki. Lakini washiriki walikuwa na wastani wa miaka 62 na kisukari cha takribani miaka 10. Mishipa ya wengi wao ilikuwa imekwisha kuumwa. Linganisha na jaribio la DCCT, lililowachukua vijana na watu wazima 1,441 wa kisukari kinachotegemea insulini, likaisha mwaka 1993. Baada ya jaribio, sukari za makundi yake mawili, la udhibiti mkali na la matibabu ya kawaida, zikafanana, kwa kuwa wote walihamia matibabu yaleyale mazuri. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba waliodhibitiwa vyema tangu mwanzo walipata matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42. Jaribio la Uingereza la UKPDS nalo, miaka 10 baada ya kumalizika, lilionyesha faida iliyodumu dhidi ya shambulio la moyo. Kolajeni iliyonaswa na sukari haibadilishwi upesi, basi miaka ya mwanzo huacha alama inayodumu. Kwa hiyo ACCORD haikanushi kwamba sukari huharibu mishipa. Inasema kwamba kuishusha kwa pupa katika mwili uliochoka kunaweza kuua. Hilo lina uzito wa pekee Beni na Oicha, ambako mgonjwa aliyemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi anaweza kulazimika kukimbia kabla ya kula. Sukari ya kushuka ghafla njiani humwangusha leo, wakati madhara ya sukari ya juu huchukua miaka.

Pingamizi la pili hutoka sokoni zaidi kuliko maktabani. Kama tatizo ni kuoksidishwa, mtu atauliza, kwa nini tusitumie vinavyozuia? Mawese mekundu yanayopandishwa kutoka mabonde ya joto ya Beni hadi masoko ya Butembo yana karotini nyingi na vitamini E, na vidonge vya vitamini havikosekani katika farmasi. Fikra hiyo ina mantiki kamili, na ndiyo maana ilijaribiwa kwa gharama kubwa. Jaribio la HOPE, mwaka 2000, liliwapa vitamini E watu zaidi ya 9,500 walio hatarini, wakiwemo wengi wenye kisukari, lakini haikuwakinga. Heart Protection Study ya Uingereza, mwaka 2002, ilitoa vitamini E, C na beta-karotini kwa watu 20,536, hakuna faida. Huko Finland beta-karotini ilipotolewa kwa wanaume wavutaji sigara, saratani ya mapafu iliongezeka. Pengine vidonge haviifikii oksijeni kali pale inapozaliwa, ndani ya mitokondria na chini ya ukuta wa mshipa, pengine vilichelewa. Watu wa Beni na Butembo, kuliko wengi duniani, wana sababu ya kuelewa jambo la namna hii. Jaribio la PALM lililoanza Novemba 2018 katika vituo vya Ebola vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina lililinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. ZMapp na remdesivir zilikuwa zimeleta matumaini kwa wanyama. Agosti 2019 zote mbili ziliachwa, kwa kuwa mAb114 na REGN-EB3 ziliokoa watu wengi zaidi. Dawa nzuri katika maelezo ilishindwa kitandani, na hakuna aliyeona aibu kuiacha. Mawese na yaliwe kama chakula, kwa kiasi, tukikumbuka kwamba karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha LDL. Yasiuzwe kama dawa ya mishipa.

Wapo pia wanaosema kolesteroli ni ugonjwa wa Wazungu. Hawakuokota hilo hewani. Mwaka 1959, ng'ambo ya mpaka wa Beni, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha katika The Lancet utafiti wa Uganda ulioonyesha kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu mno kwa Waafrika, huku Waasia waliokaa nchi hiyohiyo wakiugua. Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, aliandika mambo yanayofanana. Lakini someni walichokiona: Waafrika hao walikuwa na kolesteroli ya chini sana, na watafiti wakakielekezea kidole chakula. Hawakusema damu ya Mwafrika ina kinga. Matokeo yao yanakubaliana kabisa na kemia niliyoieleza, kwani bila LDL ya kutosha hakuna cha kuoksidishwa. Kilichobadilika tangu hapo ni maisha. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Wala kitambi si sharti: mwaka 2025 shirikisho hilo lilikubali rasmi aina ya kisukari inayowapata watu waliokosa lishe ya kutosha, wembamba kabisa. Mkulima aliyekonda asidhani habari hii ni ya mwenye duka. Asidhani vilevile kwamba sukari ya damu hutoka kwenye chai na soda peke yake, maana bugali la muhogo, likiliwa tupu na kwa wingi, huishia kuwa glukosi.

Pingamizi zito kuliko yote halina kemia ndani yake. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa eneo la Beni wameuawa kwa mapanga na bunduki; Ebola ya 2018 hadi 2020 ilichukua watu 2,287; malaria haijaondoka. Nani ana nafasi ya kufikiri juu ya ukuta wa mshipa? Ninalielewa swali hilo, ila naliona linageuza mambo. Vita haviahirishi kisukari. Hukatiza dawa, hufukuza wauguzi, na kumpa mkimbizi wa ndani unga na mafuta siku vikipatikana na njaa siku inayofuata. Mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hawezi kukimbia kijiji kikishambuliwa. Baba aliyekatwa mguu halimi tena. Anayepoteza figo katika eneo hili ana njia chache mno, na zote ni ghali kupita kidonge chochote cha metformini, dawa ya kawaida ya kisukari.

Basi tufanye nini, na kwa kipimo kipi? HbA1c inasifiwa kote duniani, lakini hapa ina kasoro ambayo vitabu vya Ulaya huitaja pembeni tu. Inategemea chembe nyekundu za damu kuishi muda wake wote, na malaria pamoja na selimundu huzifupishia maisha. Ng'ambo ya Semuliki, kwa Wabwamba wa Uganda, Lehmann na Raper walikuta katikati ya karne iliyopita kwamba takribani asilimia 40 ya watu walibeba alama ya selimundu, kiwango cha juu ajabu. Na Watalinga wa upande wa Beni ni majirani zao. Kwa watu kama hao HbA1c inaweza kusoma chini huku sukari ikiwa juu. Tone la kidoleni, likipimwa asubuhi kabla ya kula, halina tatizo hilo. Miligramu 126 kwa desilita au zaidi, ikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Ongeza kipimo cha tansio, ambacho hakidai hata tone la damu, nasi tumekwisha kujua mengi kuhusu mishipa ya mtu huyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali ya kukadiria hatari ya moyo na kiharusi, na toleo mojawapo halihitaji kolesteroli kabisa. Hutumia umri, jinsia, sigara, tansio na uzito kwa urefu.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona inacheleweshwa bila sababu. Katika ile Heart Protection Study iliyozizika vitamini, mkono wa pili wa jaribio ulitoa simvastatini, dawa ya kundi la statini inayoshusha LDL, na kwa wagonjwa wa kisukari karibu 6,000 waliokuwemo, matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa kama robo, hata kwa wale ambao LDL yao ilikuwa chini tangu mwanzo. Jaribio la CARDS, mwaka 2004, liliwachukua wagonjwa 2,838 wa kisukari wasio na LDL ya kutisha. Atorvastatini, statini nyingine, ya miligramu 10 ilipunguza matukio makubwa kwa asilimia 37. Ukikubali kwamba sukari huifanya LDL ya kawaida isiwe ya kawaida, matokeo haya hayashangazi: tusipoweza kuzuia isiharibiwe, tupunguze wingi wa kinachoharibiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya ngazi ya chini unaelekeza mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40 apewe statini, isipokuwa mwanamke mjamzito. Haumsubirishi karatasi ya kolesteroli. Simvastatini imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa za msingi tangu 2007. Kumwambia mgonjwa wa Musienene au Kyondo arudi akiwa na pesa za kipimo cha mafuta kabla ya kumwandikia dawa hiyo ni kumnyima dawa kwa kisingizio cha ukamilifu.

Mamlaka za jimbo la Kivu Kaskazini, ambazo tangu Goma ianguke Januari 2025 zinafanyia kazi zake Beni, zina nafasi ya kuliweka hili katika maagizo kwa zoni za afya. Hazihitaji mashine za kifahari. Zinahitaji kuamua jambo dogo la manunuzi ambalo limeharibu mipango mingi ya kisukari: kwa kawaida kila glukometa, mashine ya kupimia tone la kidoleni, hukubali bandeleti za kampuni yake tu, na mashine za msaada zikija za aina tano, bandeleti zikiisha zote tano zinabaki kabatini. Zichague aina moja kwa Butembo, Katwa, Beni, Oicha na Mutwanga, bandeleti zake zikiagizwa kwa pamoja kupitia mpaka wa Kasindi, na ndani ya katoni hilohilo metformini, dawa za tansio na statini.